Unene wa Wema

Elikana alirudi kutoka Kalya asubuhi, mfuko wa spana begani, na alipoingia uani kwake Kasingirima alimsalimia mkewe kama mtu anavyomsalimia mgeni. Aliona mwanamke mnene amesimama kwenye kizingiti, akasema, "Habari za hapa?" Mwanamke akacheka. Kile kicheko ndicho kilichomjulisha kuwa ni Wema.

"Kumbe umeshanisahau," Wema alisema, akampokea mfuko.

"Jua limenipiga machoni."

Halikuwa jua. Alikuwa ameondoka kwenda kutengeneza injini za boti huko kusini mwa ziwa, kazi iliyotarajiwa kwisha upesi ikamnasa karibu msimu mzima. Mke aliyemwacha alikuwa mwembamba, mifupa ya mabega ikionekana juu ya shingo ya gauni. Huyu aliyemkuta mashavu yalikuwa yamejaa mpaka macho yamezama, na nyuma ya shingo palikuwa pameota kinundu cha nyama. Lakini mikono iliyopokea mfuko ilikuwa myembamba vilevile, tena zaidi ya zamani. Ilikuwa kama mwili wa watu wawili walioungwa kiunoni.

Bibi Agnesi, mama yake Elikana, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa upande wa kanga. "Mwakeye, mwana wanje," akamwamkia kwa Kiha chao, kisha akamvuta kando, nyuma ya pipa la maji. "Umejionea mwenyewe. Mungu ametukumbuka."

"Ametukumbuka na nini?"

"Wewe ni mtu mzima. Litazame lile tumbo."

Elikana alilitazama. Akaanza kupiga hesabu moyoni, tangu siku aliyopanda boti pale Kibirizi, na hesabu ikakataa: tumbo lilikuwa changa kuliko safari yake. Akairudia. Ikakataa tena.

Mchana Wema alikula ugali na samaki wa migebuka, akakomba sufuria, kisha akaomba ule ukoko uliobaki. Elikana aliacha kula ili amwangalie vizuri.

"Mama anasema una hali," alisema.

"Mama anasema anachokitaka. Sina hali yoyote. Nimenenepa tu. Mtu hawezi kunenepa?"

"Kwa kula nini?"

Wema alikusanya sahani, akaondoka nazo. Swali likabaki pale mkekani, maana kilicholiwa ndani ya nyumba ile kilikuwa kilekile cha miaka yote: ugali, maharage ya mawese, dagaa, na samaki siku ziwa likiwa na huruma.

Wema alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, na nyuma yake, kwenye kamba, zilining'inia nguo za wateja pamoja na zake mwenyewe. Jioni ile Elikana alipapasa magauni ya mkewe moja baada ya jingine, akajifanya anatafuta shati. Mishono ya ubavuni ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya, na pembeni ya mshono mpya palikuwa na vitundu vya mshono wa zamani, na pembeni ya hivyo vingine tena. Akawaza: mtu hapanui nguo zake mara kwa mara asijue ni nini kinachompanua.

Jumapili kanisani mambo yakaharibika zaidi. Bibi Agnesi hakuweza kuuzuia ulimi, na baada ya ibada akina mama wakamzunguka Wema wakapiga vigelegele. Mmoja akamwekea mkono tumboni. Wema akauondoa ule mkono polepole.

"Jamani, asanteni. Lakini mimi si mjamzito."

Vigelegele vikafa. "Sasa kama si mimba ni nini?" aliuliza yule mwenye mkono, wala hakuuliza kwa ubaya, na wote wakageuka kumtazama Elikana, kana kwamba jibu analo yeye mfukoni. Walirudi nyumbani, Bibi Agnesi ametangulia mbele, amejifunika kitenge kichwani utadhani anatoka msibani.

*

Mtu pekee ambaye Elikana aliweza kumfunulia moyo wake alikuwa dada yake, Happiness, aliyemzidi umri na kumlea wakati mama yao alipokuwa mgonjwa. Happiness aliuza vitenge Rusimbi. Alikuwa mwanamke mwenye umbo la kugeuza vichwa vya watu, na wateja walipomuuliza kitenge fulani kitawakaa vipi, alikuwa akijifunga mwenyewe na kuzunguka mara moja, kitenge kikanunuliwa.

"Dada, Wema ana nini?"

Happiness aliinama kukunja vitenge ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. "Ana nini tena? Mwanamke akinenepa maana yake anakula. Ulitaka akonde, watu waseme humlishi?"

"Mimi sikuwapo. Nani aliyemlisha?"

"Mdogo wangu, usianze."

"Wewe ni wifi yake. Mnakaa pamoja, mnasukana. Hakukwambia kitu? Hukumwona na mtu?"

Happiness alinyoosha mgongo. Kwa muda mfupi alionekana kama atasema neno, midomo ikafunguka. Kisha mteja akasimama mbele ya meza na akamgeukia kwa haraka kubwa. "Mimi sijui mambo ya ndani kwako," alisema bila kumtazama ndugu yake. "Muulize mwenyewe."

Elikana aliondoka akiamini kwamba dada yake amemwona Wema na mwanamume na anamficha ili asiumie. Ndivyo shaka ilivyo: ukiinyima chakula, hujilisha yenyewe.

Siku chache baadaye, Adolf, fundi mwenzake pale Kibirizi, alimuuliza akiwa amelala chali chini ya injini, "Shemeji ana ndugu Mwandiga?"

"Hana. Kwa nini?"

"Basi nimefananisha."

"Adolf. Umemwona wapi?"

"Nimesema nimefananisha, bwana. Nipe spana ya kumi."

*

Alhamisi iliyofuata Wema aliaga kwamba anakwenda kununua nyuzi. Elikana alimwacha atangulie, akachukua bodaboda, akamwambia kijana ashike barabara ya Mwandiga na asiende mbio. Alishuka karibu na wauza ndizi, akajibanza nyuma ya lori lililokuwa likipakia mihogo. Alijiona mjinga, mwanamume mzima kujificha, lakini miguu ilikataa kurudi.

Wema alipita upande wa pili wa barabara. Hakuingia duka lolote la nguo wala la nyuzi. Alikwenda moja kwa moja mpaka duka la dawa lenye rangi ya kijani, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha badala ya kuingia kwa mbele kama wagonjwa wengine akazunguka nyuma na kugonga mlango wa mbao. Mkono wa mwanamume ulifungua, ukamwingiza.

Elikana hakukumbuka alivyovuka barabara. Alichokumbuka ni mlango kugonga ukuta, na mwenye duka, mtu mfupi aitwaye Fabian, akiruka kutoka kwenye kiti na kuinua mikono yote miwili juu.

"Mkubwa, naomba tuelewane!" Fabian alipiga kelele. "Hizi si zangu, nimehifadhishwa tu!"

"Mke wangu umehifadhishwa?"

Fabian alishusha mikono nusu. "Kwani wewe si mkaguzi?"

"Mimi ni mumewe!"

"Ah," alisema Fabian, na uso wake ukatulia kwa namna iliyomtia Elikana wazimu. Mtu aliyefumaniwa hatulii kwa kuambiwa kuwa mume amefika.

Wema alikuwa amesimama kando ya maboksi, pochi imebanwa kifuani. Elikana aliinyakua, akatoka nayo nje, na mbele ya wauza ndizi, wapakia mihogo na wote waliokwisha kujazana kwa kusikia kelele, akaimwaga chini. Kilitoka kitambaa, kioo kidogo, futi ya kupimia ya fundi, na vifuko vya plastiki visivyoandikwa kitu, vimejaa vidonge vidogo vyeupe.

"ARV hizo," alisema mtu mmoja kwa sauti ya kujua.

"Yesu wangu! Na mume hakuambiwa?"

Watu wakasogea nyuma hatua, kana kwamba vidonge vingewarukia. Hilo Elikana hakuwa amelifikiria. Alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza siku ile hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. "Wema. Ni za nini hizi?"

Wema alipiga magoti, akaanza kuokota kifuko kimoja kimoja na kukifuta vumbi. Alijibu kwa sauti ndogo.

"Sema tusikie!" alidai mmoja wa wapakia mihogo.

"Za kunenepa," alisema Wema. "Ni vidonge vya kunenepa."

Mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata. Walicheka wauza ndizi, akacheka hata yule kijana wa bodaboda. "Kumbe shepu ya dukani!" mmoja alisema, na wale waliorudi nyuma wakasogea tena wamwone vizuri, wamtazame mbele na nyuma kama watu wanaokagua bidhaa. Kama angeshikwa na mwanamume, huenda wangemtukana tu. Hili la kucheka Wema hakuwa amelitarajia. Aliinuka akiwa ameshika kiuno, akijikunja kwa maumivu ya mgongo ambayo Elikana hakuyajali, akatembea kuelekea barabarani bila kumngoja.

*

Nyumbani, Elikana alivichukua vifuko vyote akavitupa chooni. Kisha akapekua. Alifungua droo ya cherehani, akapapasa mto, akachungulia ndani ya kopo la vifungo, akapata vingine, navyo akavitupa.

"Usivitupe vyote," Wema alisema. Alikuwa ameketi juu ya kitanda, mikono magotini. "Elikana, nisikilize. Nikikosa siku moja tu mwili unaishiwa nguvu. Niache nipunguze."

"Upunguze? Ulevi wa gongo nao hupunguzwa hivyohivyo, kesho utasema nusu glasi."

"Si ulevi."

"Umenidanganya msimu mzima, leo nikuamini kwa lipi? Nani alikupa?"

Wema aliangalia dirishani.

"Nauliza nani alikuanzishia?"

"Nilinunua mwenyewe."

Bibi Agnesi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mwenye maneno, lakini siku hiyo alisema tu, "Mwanangu, mtu akikwambia naumwa, mguse kwanza ndipo ubishe." Elikana hakumgusa mtu. Alijiona amefanya kazi ya mume mwenye nyumba. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote tangu arudi.

Kuanzia kesho yake Wema alianza kunyong'onyea. Mashine barazani ikafunikwa shuka. Wateja walifuata nguo zao wakaambiwa warudi. Alikataa chakula, na kile kidogo alichokila alikitapika. Alipoinuka alishika ukuta. Bibi Agnesi, ambaye moyo wake haukuwa umekata tamaa, alinong'ona kwamba huko kutapika ni dalili ileile aliyoisema yeye tangu mwanzo. Elikana alimwangalia mkewe kwa jicho jingine. Aliona mtu anayejilegeza ili apewe anachokitaka. "Anatutega," alimwambia mama yake. "Tukimwonea huruma, kesho yuko Mwandiga."

Alikwenda kazini. Akarudi. Akamkuta vilevile. Akauliza, "Bado tu?" na Wema akajibu, "Bado," akageukia ukutani.

Jumapili hakuna aliyekwenda kanisani. Wema alitoka kuanua nguo, akanyoosha mkono kuishika kamba, na badala ya kushika nguo akaanguka nazo. Bibi Agnesi alipiga yowe. Elikana alifika, akamgusa shavu: lilikuwa la baridi, limelowa jasho, ingawa jua lilikuwa kali. Alimwita jina lake; macho yakafunguka, yakamtazama, hayakumjua.

*

Hospitalini walipokewa na daktari mwanamke aitwaye Sia, mwenyeji wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi Kigoma, mwenye miwani na sauti isiyopanda. Alipima presha, akapima tena kana kwamba haamini mashine, akatoboa kidole cha Wema kupima sukari. Alimgeuza uso, akaangalia kinundu cha shingoni, akafunua tumbo lililokuwa na michirizi ya zambarau. Ndipo akamgeukia Elikana.

"Anatumia dawa gani?"

"Hakuna sasa," Elikana alijibu kwa fahari kidogo. "Alikuwa anameza vidonge vya kunenepa. Nilivitupa vyote chooni."

"Lini?"

"Alhamisi."

Daktari Sia aligeuka, akamwita muuguzi, akataja dawa ya sindano, na muuguzi akakimbia. Kwa muda mrefu Elikana na mama yake walisimama wamebanana na ukuta wakiona dripu ikitundikwa, sindano ikisukumwa mshipani, na miguu ya watu ikipishana. Alitaka kuuliza, lakini hapakuwa na wa kumuuliza.

Presha ilipoanza kurudi, daktari alikuja kuwakalisha kwenye benchi.

"Hivyo vidonge, kwa maelezo yako na kwa ninavyomwona, ni deksamethasoni. Mitaani wanaiita deksa. Ni dawa nzuri ya magonjwa yake, si ya kunenepesha. Ina kazi kama ya kichocheo ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, juu ya figo. Ukiimeza kwa muda mrefu, mwili unaona kinaletwa kutoka nje, unaacha kutengeneza. Halafu siku moja kinakatwa ghafla. Mwili unabaki mikono mitupu."

"Mimi ndiye niliyekikata," alisema Elikana.

"Hukujua."

"Aliniambia. Na hiyo sindano mliyomchoma?"

"Ni ya jamii hiyohiyo."

Elikana aliinuka. "Daktari! Sumu iliyomwangusha ndiyo mnamrudishia?"

"Kaa, kaka yangu. Ataimeza kwa kipimo, na kila baada ya muda tutapunguza, mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Yeye alitaka kupunguza. Alikuwa sahihi."

Neno hilo lilimkalisha. Bibi Agnesi aliuliza jambo lililokuwa likimsumbua yeye: inakuwaje mtu anywe kidonge kisicho na ukubwa wa punje ya mtama, anenepe tumbo na uso, halafu mikono ikonde?

Daktari Sia alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Mama, ndani ya mifupa yetu na ndani ya mafuta yetu kuna seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Wataalamu huziita seli shina. Moja inaweza kuwa mfupa, nyingine ikawa mafuta. Nilipokuwa nasoma tulizikuza maabara, kwenye visahani. Tukizilisha chakula chake tu, zinakaa kimya. Tukidondoshea deksa, pamoja na dawa nyingine chache, baada ya wiki kadhaa unaangalia kwenye darubini, unakuta zimejaa matone ya mafuta, yanang'aa kama mawese yakimwagika kwenye maji. Dawa ndogo kabisa, lakini inaziambia: kuweni mafuta. Na zipo dawa nyingine zinazoziambia: acheni. Ndiyo maana watu wanazichunguza, wapate tiba za kisukari, za unene, za mifupa."

"Seli za nani hizo?" Elikana aliuliza kwa haraka. Alikuwa hajaacha shaka. Alikuwa ameihamisha tu. "Mlizitoa kwa watu gani?"

"Kwa watu waliofanyiwa upasuaji. Yalikuwa mafuta ambayo yangetupwa. Waliulizwa, wakaridhia."

"Afadhali wao waliulizwa."

Sauti ilitoka kitandani. Wema alikuwa amefumbua macho. Haikujulikana tangu lini. "Mimi huu mwili hakuuuliza mtu," alisema polepole. "Hata mimi mwenyewe sikuuuliza."

Daktari akamsogelea, akamshika kifundo cha mkono. "Sisi tulianza na visahani, dada. Waliokuuzia walianza na watu. Mgongo unakuuma?"

"Siku nyingi."

"Tutaupiga picha. Hii dawa huuibia mfupa na kulipa mafuta. Nani alikupa mara ya kwanza?"

Wema alifunga macho. Wakati uleule pazia lilivutwa, akaingia Happiness na chupa ya uji mkononi, anahema, amekuja mbio kutoka Rusimbi baada ya kupigiwa simu na mama yake. Alimwona Wema na mirija. Alimwona ndugu yake, na daktari anayesubiri jibu.

"Daktari anauliza nani alimwanzishia vile vidonge," Bibi Agnesi alimweleza.

"Nimeshasema nilinunua mwenyewe," alisema Wema, macho bado yamefungwa.

Happiness aliweka chupa sakafuni. "Ni mimi," alisema. "Wifi, usinifichie. Ni mimi niliyempa. Navichukua kwa Fabian, nauzia wanawake sokoni, chini ya vitenge. Wema alinijia mwenyewe akaniomba."

Elikana alimtazama dada yake kama vile alivyomtazama mkewe siku aliporudi kutoka Kalya, akitafuta mtu aliyekuwa akimjua. "Nilikuja kukuuliza. Nikasimama mbele ya meza yako, nikakuuliza."

"Ulikuja."

"Ukaniacha nimfuate barabarani kama mwizi. Ukaniacha nimwage pochi yake mbele za watu."

"Niliogopa, mdogo wangu. Ile ndiyo biashara inayo..."

"Toka."

"Elikana," Bibi Agnesi alisema.

"Mama, atoke! Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, mimi nilidhani ni mke kumbe ni dada!"

Happiness alitoka. Uji ulibaki sakafuni mpaka ukapoa, hakuna aliyeugusa. Alipobaki na Wema tu, Elikana alivuta kiti karibu na kitanda.

"Kwa nini uliviomba?" alisema. "Nilikulalamikia lini kwamba umekonda?"

Wema alivuta shuka mpaka kidevuni. "Mimi napima viuno vya wenzangu kila siku," alisema. "Najua mwenye nacho na asiye nacho. Siku ya harusi ya binamu yako, Rusimbi, tulipokwenda kucheza mbele, shangazi yako alisema Elikana ameoa ufito wa kuangulia maembe. Ukumbi mzima ukacheka."

"Shangazi ana mdomo, kila mtu anamjua."

"Sikumtazama shangazi. Nilikutazama wewe. Ulicheka mpaka ukafuta machozi."

Elikana alitafuta harusi ile kichwani, akaipata: muziki, pilau, soda. Kicheko chake hakukipata. Kwake kilikuwa kimepita kama kikohozi.

*

Wema alirudi nyumbani na kipimo chake cha vidonge, na onyo asinyanyue ndoo, kwa maana picha ilionyesha pingili mbili za mgongo zimebonyea. Elikana ndiye aliyechota maji sasa. Majirani walimwona na ndoo kichwani, wengine wakasema amelishwa kitu. Uso wa Wema ulianza kupungua, lakini polepole mno, kama maji ya ziwa yanavyorudi nyuma baada ya masika, na kuna siku aliamka amechoka hata kunyoosha kitambaa chini ya sindano ya mashine hakuweza. Duka la Fabian lilikutwa limefungwa. Walisema amehamia Kasulu. Elikana alijifunza kutouliza. Si kwamba shaka ilimwisha. Simu ya Wema ilipolia, shingo yake bado iligeuka yenyewe, na Wema alikuwa akiiona.

Happiness hakukanyaga Kasingirima muda wote huo. Elikana alikuwa amesema mguu wake usionekane, na Bibi Agnesi alikuwa akimtembelea binti yake kwa siri huku akidai anakwenda kwenye maombi.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, Elikana akijiandaa kwenda Kibirizi, Happiness aliposimama uani. Hakubisha hodi. Alikuwa amejifunga kitenge kizuri, na umbo lake lilikuwa lilelile la kugeuza vichwa, lakini alisimama ameshika mlingoti wa kamba ya nguo.

"Umefuata nini?" Elikana alimuuliza.

"Sikukufuata wewe." Alimtazama Wema aliyekuwa barazani. "Wifi. Mimi nameza kuliko wewe. Nimeanza kabla hujaolewa hapa. Niliposikia yaliyokupata niliacha kuuza. Lakini mimi mwenyewe kuacha... Nilijaribu juzi. Nikaanguka sokoni, wakanimwagia maji. Nikimeza naogopa. Nisipomeza naogopa. Sijui nimwendee nani, na yule daktari aliniona siku ile, atanifukuza."

Bibi Agnesi aliacha kumenya mihogo. Elikana alifungua mdomo kusema neno alilokuwa amelitunza tangu hospitali, la kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Wema alikuwa ameshainuka. Aliinuka kwa kushika mashine, kama anavyoinuka siku hizi, akaingia ndani, akatoka amebadilisha gauni na kadi yake ya hospitali mkononi.

"Umekunywa leo?" alimuuliza wifi yake.

"Hapana."

"Kameze kwanza. Maji yapo ndani. Kisha twende, Daktari Sia hafukuzi mtu."

"Wema," Elikana alisema, "huyu ndiye aliyekuharibu mgongo."

"Mgongo wangu naujua. Naamka nao."

Happiness alipita mbele ya ndugu yake amejikunyata, akaingia ndani, akatoka anafuta midomo. Wanawake wawili wakashuka kizingiti, mmoja akimwegemea mwenzake, na haikuwa rahisi kujua nani anamshikilia nani. Walipofika kwenye kona ya ua Elikana aliita:

"Mtarudi saa ngapi?"

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Aliyasikia jinsi Wema alivyoyasikia: sauti ileile ya mtu aliyejificha nyuma ya lori. Wema alisimama, akageuka, akamtazama usoni kwa utulivu.

"Sijui," alisema. "Foleni ikiwa ndefu tutachelewa. Ukitaka kuhakikisha, namba ya daktari unayo."

Wakaondoka. Elikana alibaki na simu mkononi. Namba alikuwa nayo kweli. Kidole kilishafika juu ya jina. Alisikia viatu vyao vikipotea upande wa barabara, na sauti ya Happiness ikilia, na ya Wema ikimwambia kitu ambacho kutoka pale uani hakikusikika.

Aliirudisha simu mfukoni. Alivua ovaroli ya kazi, akaitundika, akaketi kwenye kigoda mkabala na mama yake na kunyoosha mkono. Bibi Agnesi alimtazama, kisha akampa kisu na muhogo.

"Menya mingi," alisema. "Watarudi na njaa, wote wawili."